Kukusanya Ushahidi wa Ndoa kwa Ajili ya Viza



Siku hizi ni vigumu kupata parokia isiyo na nyumba ambamo mume au mke amekwenda ng'ambo kutafuta riziki. Wengine wako Ghuba, wengine Uingereza, wengine Marekani. Katika somo hili tutazungumza juu ya wale ambao mwenzao yuko Australia, akiwa raia au mkaazi wa kudumu, na sasa wanataka kuishi pamoja tena kama inavyowapasa watu waliooana. Nimechagua Australia kwa sababu sheria yake inaeleza waziwazi ni mambo gani ofisa wa uhamiaji ataangalia. Kila nchi ina masharti yake, lakini njia ya kutayarisha karatasi haitofautiani sana.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba cheti cha ndoa hakitoshi. Husema, "Sisi tulifunga ndoa mbele ya padri na waumini wote, wanataka nini tena?" Ndugu zangu, cheti kinathibitisha kwamba siku fulani mlioana. Hakisemi kama mngali mume na mke leo. Wapo watu wanaooana kwa ajili ya viza tu, na kwa sababu yao sisi sote tunachunguzwa. Kanuni za Uhamiaji za Australia za mwaka 1994 zinamtaka ofisa aangalie mambo manne: fedha zenu, nyumba yenu, jinsi watu wengine wanavyowafahamu, na jinsi ninyi wenyewe mlivyoshikamana. Hakuna moja linaloamua peke yake. Yote hutazamwa pamoja, kila nyumba kwa hali yake.

Watu wengi huanza kwa kutafuta picha za harusi. Mimi nawashauri muanze na tarehe.

Kwetu Kenya ndoa nyingi zina siku mbili au hata tatu. Kijana na msichana walianza kukaa pamoja, wazee wakapeleka mahari, watoto wakazaliwa, na baada ya miaka mingi wakafunga ndoa kanisani. Sasa mume akiwa Perth anaandika kwamba walioana mwaka 2011, maana ndipo mahari ilipopelekwa. Mke akiwa Kakamega anaandika 2018, maana ndipo walipofunga ndoa kanisani. Wote wawili wamesema kweli. Lakini ofisa asiyejua desturi zetu ataona kwamba mmoja wao anadanganya, au kwamba watu hawa hawajuani.

Basi kaeni pamoja, hata kama ni kwa simu, muandike kalenda moja ya maisha yenu. Lini na wapi mlikutana. Lini mlijulishana kwa wazazi. Lini mahari, lini mlianza kukaa nyumba moja, lini kanisani, lini kila mtoto alizaliwa. Lini mwenzako aliondoka, na mara ngapi amerudi. Kila tarehe ielezwe ni tarehe ya nini. Msione haya kuandika kwamba mlianza kimila kabla ya kanisa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila kama inavyoitambua ya Kikristo, na tangu tarehe 1 Agosti 2017 ndoa za kimila zimekuwa zikisajiliwa. Yule aliye na ndoa ya kimila pekee asisafiri na maneno ya wazee tu, akaisajili kwa Msajili wa Ndoa. Na yule aliyefunga ndoa kanisani ahakikishe ana cheti cha serikali, kwa maana karatasi inayotolewa katika daftari la parokia ni ya Kanisa na haishiki nafasi ya kile cha serikali.

Katika kazi hii ya kalenda ndipo mengine hufichuka. Fomu huuliza kama umewahi kuoa au kuolewa kabla ya hapo. Huuliza juu ya watoto wako wote, wanaosafiri na wasiosafiri. Yuko mwanamume ambaye amemsomesha mtoto wa nje kwa siri miaka kumi. Yuko mke aliyewahi kulipiwa mahari na mtu mwingine na hakusema. Mtu wa namna hiyo hushawishika kuacha nafasi wazi katika fomu, na hapo anajifunga kamba mwenyewe: mbele ya serikali ameficha, na mbele ya mwenzake ameficha mara mbili. Ni afadhali mke aisikie habari ya mtoto huyo kutoka kinywani mwa mumewe, kwa upole na kwa wakati unaofaa, kuliko kuikuta katika karatasi wakati wanajaza fomu haraka haraka. Kama neno ni zito, msilizungumze ninyi wawili peke yenu. Mwombeni mtu mzima mnayemheshimu, padri au wazazi wa ubatizo, akae nanyi. Hata viza ikichelewa miezi mitatu kwa ajili ya mazungumzo hayo, hamjapoteza kitu.

Vivyo hivyo kama mliwahi kutengana. Andikeni kwamba mlitengana, kwa muda gani, na nani aliwapatanisha. Ofisa naye anajua kwamba mume na mke hugombana.

Sasa tuje kwenye fedha. Sisi wengi hatuna akaunti ya benki ya pamoja, na wengine hukimbilia kuifungua wiki moja kabla ya kutuma maombi. Kuifungua si kosa, lakini akaunti yenye shilingi elfu mbili ambazo hakuna aliyezigusa haisemi lolote. Ushahidi wenu uko kwenye M-Pesa. Ombeni taarifa ya M-Pesa ya miezi mingi, mpige mstari chini ya kila fedha iliyotoka kwa mwenzako, na kando yake muandike ilikuwa ya nini: karo, hospitali, mbolea, mazishi ya shangazi. Angalieni jambo hili: fedha zikitoka ng'ambo kupitia kampuni ya kutuma pesa, mara nyingi simu huonyesha jina la kampuni, si jina la mume. Kwa hiyo naye aliye huko atunze risiti za upande wake, kisha ziwekwe mbili mbili, tarehe kwa tarehe. Fedha alizoleta binamu mkononi alipokuja likizo zitajwe katika maelezo, lakini hazina risiti, na tangu leo mngeacha njia hiyo. Ongezeni karatasi ya chama cha akiba na mikopo inayoonyesha kwamba mmoja amemwandika mwenzake kuwa mrithi wa akiba yake. Kama mmoja ni mtegemezi wa mwenzake katika bima ya afya, iwe ni kadi ya zamani ya NHIF au usajili wa SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024, hiyo nayo ni ushahidi. Deni mlilolikopa pamoja pia ni ushahidi, ingawa hakuna anayependa kulionyesha.

Nyumba ndiyo inayowatia hofu walio mbali. Mke huuliza, "Nitathibitishaje kwamba tunaishi pamoja, na mume wangu hajalala hapa tangu mwaka juzi?" Sheria haidai mlale nyumba moja kila siku. Inatosha kwamba hamjatengana kwa kudumu. Kwa hiyo elezeni kwa nini mko mbali, kisha muonyeshe kwamba nyumba ni moja hata kama vitanda ni viwili. Mkataba wa pango wa zamani wenye majina yenu. Ripoti za shule na barua za mwalimu zinazomtaja baba na mama. Kitabu cha kliniki cha mtoto. Kama mnajenga, risiti za mabati na saruji pamoja na jumbe mlizojadiliana ni vyumba vingapi. Tiketi za ndege na mihuri ya pasipoti ya kila likizo. Halafu kila mmoja aandike nani hufanya nini: nani hulipa karo, nani huamua ng'ombe auzwe, nani hupeleka mama mkwe hospitali. Mke anayemtunza mama wa mumewe kijijini huku mume yuko mbali asidhani kwamba hiyo si habari ya ndoa. Ni habari ya ndoa hasa.

Kuhusu simu, wengine hutaka kuchapisha mazungumzo ya miaka mitatu. Msifanye hivyo. Hakuna ofisa atakayesoma kurasa elfu moja, na mafaili yanayopokelewa katika mtandao wa maombi yana kikomo. Chagueni siku mbili au tatu katika kila mwezi, zile mlizozungumza mambo ya kawaida ya nyumbani, tarehe zikionekana. Maneno yaliyo katika Kiswahili, Kikamba au Kijaluo yatafsiriwe kwa Kiingereza. Mfasiri aliye nje ya Australia aandike jina lake kamili, anwani, simu, na ujuzi wake katika lugha hiyo. Mambo ya chumbani yabaki chumbani. Hakuna sheria inayowataka mpeleke picha au maneno ya faragha, na mtu yeyote akiwaambia kwamba yanaongeza nguvu, mkatalieni.

Juu ya watu wanaowafahamu sitasema mengi. Iko fomu namba 888 ambayo hujazwa na watu wazima wanaowajua ninyi wote wawili, wasiopungua wawili. Msichague mkubwa mwenye cheo ambaye hajawahi kula kwenu. Mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo aliyeona mume akirudi Krismasi na kuwapeleka watoto kwa nyanya yao ana la kusema kuliko mheshimiwa. Aeleze alichokiona, na lini, wala asiandike sifa tupu. Picha kumi na tano zinatosha, kila moja ikiwa na tarehe, mahali na majina, na ziwemo za mahari na za kawaida, si za harusi peke yake.

Maelezo ya maisha yenu kila mmoja ayaandike mwenyewe kwa maneno yake. Someaneni kalenda ili tarehe zikubaliane, lakini msinakiliane sentensi. Barua mbili zinazofanana neno kwa neno hutia shaka kuliko zile zinazopishana kidogo juu ya nani alimsalimu mwenzake kwanza.

Hapa ndipo mawakala huingia. Watawaambia wanaweza kutengeneza picha, kuongeza tarehe katika mkataba, au kupata shahidi msiyemjua. Karatasi moja ya uongo yaweza kuwanyima viza hata kama ndoa yenu ni ya kweli, na Australia yaweza kumkatalia mwombaji viza nyingine kwa miaka 3. Ada ya maombi, ambayo tangu Julai 2024 imezidi dola 9,000 za Australia, hairudishwi kwa sababu mmekataliwa. Kama mnahitaji msaada, aliye Australia atafute wakili au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Washauri hao wana namba ya usajili, na majina yao huweza kuangaliwa katika orodha iliyo wazi kwa wote.

Mkishatuma, msichome karatasi. Anayeomba akiwa nje ya Australia kwa kawaida hupewa kwanza viza ya muda, namba 309, na miaka miwili hivi baada ya kutuma maombi huangaliwa tena ili apewe ya kudumu, namba 100. Waliokuwa pamoja miaka 3, au miaka 2 wakiwa na mtoto wao, huweza kupewa ya kudumu moja kwa moja. Katika uchunguzi wa pili mtaulizwa habari za miaka hiyo mipya, kwa hiyo bahasha iendelee kupokea risiti, barua na picha kama zamani. Mtoto akizaliwa katikati ya kungoja, au mkihama nyumba, au mmoja akibadili pasipoti, ofisi iarifiwe mara moja. Na nakala ya kila mlichotuma ibaki mikononi mwa kila mmoja wenu, huku na huko.