SOMO LA SAYANSI: HINA, CHOYA NA RANGI ZA HADUBINI



Mkesha wa Idi, mama au dada anapopaka hina, angalieni jambo moja. Bakuli la kioo likioshwa hutakata mara moja, bali kiganja hubaki chekundu siku nyingi, na ukucha hubaki na rangi mpaka ukue na kukatwa. Hina ni ile ile na maji ni yale yale. Sababu ni nini? Ndani ya jani la hina mna kitu kiitwacho losoni. Hiki hushikamana na protini ya ngozi, kucha na nywele, wala hakishikamani na kioo. Kumbe rangi huchagua pa kukaa. Jambo hilo ndilo msingi wa somo letu.

Kwa nini tishu hutiwa rangi?

Kipande cha mwili kinachopimwa maabara hukatwa chembamba sana, kiasi kwamba vipande 200 vikipangwa pamoja hufikia unene wa milimita 1 tu. Mwanga hupita moja kwa moja, na seli huonekana kama maji ndani ya maji. Mwaka 1714 Antoni van Leeuwenhoek wa Uholanzi alitumia zafarani, kiungo tunachokijua kwenye biriani, ili aone nyuzi za msuli.

Rangi inayotumika zaidi hospitalini hadi leo pia hutoka kwenye mti. Inaitwa himatoksilini, na mti wake asili yake ni Mexico na Belize. Peke yake haishiki vizuri. Mwaka 1865 Böhmer aliichanganya na shabu, na viini vya seli vikaonekana vya buluu. Shabu ni kama gundi: upande mmoja hushika rangi, upande wa pili hushika kiini. Wafuma mikeka na watia rangi nguo wanaijua kazi hiyo tangu zamani.

Mgonjwa akikatwa uvimbe, daktari wa maabara, kama wale wa Bugando, Mwanza, inayohudumia Kanda ya Ziwa, hutazama viini hivyo ili ajue kama ni saratani au la. Mwaka 2008 himatoksilini iliadimika duniani. Ndiyo maana watafiti, wakiwemo wa Nigeria, wamekuwa wakiijaribu mimea ya karibu, hasa choya.

Jaribio

Fanyeni mbele ya mwalimu.

1. Chemsha kijiko 1 cha choya kavu katika nusu kikombe cha maji. Yakipoa, chuja na ugawe sehemu mbili. Sehemu moja tia shabu ya unga kidogo.
2. Bandua ngozi laini ya ndani ya kitunguu, ukate vipande 3. Viloweke katika spiriti dakika 10, mbali na moto, kwa kuwa seli hai mara nyingi huizuia rangi isiingie.
3. Kipande cha kwanza weka katika maji, cha pili katika choya, cha tatu katika choya yenye shabu. Subiri dakika 20, suuza, kisha weka kwenye slaidi.
4. Chora ulichokiona, si ulichotamani kukiona.

Kipande cha maji msikidharau. Bila hicho hamtajua kilicholetwa na rangi na kilichokuwapo tangu mwanzo. Na kipande kikijaa rangi kila mahali, hilo nalo ni jibu: rangi imepaka, haikuchagua.

Tahadhari

Rangi ya jaribio letu ni ya kujifunzia. Choya ya jana na ya leo zinaweza kutofautiana ukali, na rangi yake hubadilika ikikutana na limau au magadi. Darasani kosa hilo hufutwa kwa kurudia. Hospitalini linaweza kumfanya mgonjwa aambiwe ni mzima naye anaumwa. Kwa hiyo rangi mpya haiaminiwi mpaka ipimwe mara nyingi pembeni ya ile inayojulikana.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini hina hushika ukucha na haishiki kioo?
2. Shabu inafanya kazi gani?
3. Ukikuta vipande vyote 3 vinafanana, utaandika nini?

Wabillahi tawfiq.