Nyimbo za Watu Kwenye Rekodi Yako

*Kaka, shikamoo. Mimi ni mpiga gitaa la solo, naishi Mwanjelwa, Mbeya. Bendi yetu ina watu sita. Ijumaa na Jumamosi tunapiga baa za hapa, na kila mwisho wa mwezi tunapanda basi kwenda Iringa. Safari iliyopita tulirekodi shoo nzima, tunataka iwe albamu yetu ya kwanza. Nyimbo ni kumi na mbili: nane za watu, nne zetu. Za watu ni zilipendwa za Tancut Almasi, roki za Wazungu, na moja ya roki nimeigeuza kwa Kinyakyusa. Mjomba wangu, aliyewahi kupiga muziki, amesikiliza akasema tumeiba, tena tumeiba na kelele za chupa. Wenzangu wanasema tuingie studio tusafishe kelele, tuitoe tu, nani atatufuata Mbeya? Watu wanatutunza tukipiga nyimbo za wengine. Wimbo wangu wa baba na reli ya TAZARA ukianza, wanarudi kukaa. Tangu maneno ya mjomba, nikishika gitaa naona aibu. Sisi ni wanamuziki au kasuku?*
*Msolo, Mwanjelwa*

Marahaba, mdogo wangu, na kamwene, kama tunavyoamkiana huku Iringa. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama kwenye hilo neno kasuku. Lifute.

Kukopi ndiyo shule tuliyosoma karibu wote. Kabla Sugu hajaitoa Mbeya kifua mbele kwa hip hop, Saleh Jabir alikuwa ameichukua Ice Ice Baby ya Vanilla Ice, mwaka 1991, akaitilia maneno ya Kiswahili, na vijana wakajua kumbe lugha yetu inaweza. Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946, alianza akiwa mwanafunzi India, akipiga na wenzake nyimbo za rock and roll za watu. Miaka mingi baadaye, Julai 1986, yeye na bendi yake ya Queen wameujaza uwanja wa Wembley, na bado wakaurudia wimbo wa Little Richard. Umo kwenye albamu ya shoo ile.

Tena wewe ni mtu wa roki, basi itafute Live at Leeds ya The Who. Ilirekodiwa Februari 1970 katika ukumbi wa kulia chakula wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Santuri ilipotoka ilikuwa na nyimbo sita, na tatu kati ya hizo zilikuwa za watu wengine. Jalada lake lilikuwa la rangi ya kahawia, limepigwa mhuri kama mzigo wa magendo, na kwenye lebo wakaandika kwamba mikwaruzo inayosikika ni sawa, isirekebishwe.

Kwa hiyo kelele za chupa ziache! Hapa sikubaliani na mjomba wala na wenzako. Nilikuwa na kaseti ya dansi moja la hapa Iringa, redio kaseti ikiwa imewekwa juu ya meza karibu na jukwaa. Katikati ya wimbo waya wa gitaa la solo unakatika, unausikia kabisa, *ting*. Gitaa la ridhimu linapanda kuziba pengo, muuza baa anahesabu kreti kwa sauti, mtu anacheka, na mpiga solo anarudi na nyaya tano. Mpiga ridhimu yule ni marehemu sasa. Ukinisafishia kaseti ile umeniondolea usiku wenyewe. Hata Radio Tanzania enzi zile bendi iliingia studio nzima, ikapiga kwa pamoja, na nyimbo zile ndizo mnazozipiga mpaka leo.

Lakini kwenye neno kuiba, mjomba wako amegusa kitu, na nakuomba usimkasirikie. Wimbo wa mtu ukiupiga baa, unaisha na usiku. Ukiurekodi ukauuza, umejenga kwenye kiwanja cha mwenzako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hata aliyefariki ana warithi wa kuombwa. Kuugeuza wimbo kwa lugha nyingine nako kunahitaji ruhusa. Anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize utaratibu kabla hujalipa hela ya studio.

Nani atawafuata Mbeya? Hilo swali limenichoma. Malaika imeimbwa na Miriam Makeba, imeimbwa na Boney M, imezunguka dunia nzima, na hadi leo watu wanabishana kama ni ya Fadhili William, aliyeirekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, au ya Adam Salim. Fikiria mzee anasikia dunia inaimba kitu anachosema ni chake, na jina lake halipo. Usimfanyie hivyo mtu wa Iringa.

Maana Tancut Almasi ni ya hapa. Bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, miaka ya 1980, na wale mapacha wawili, Kasaloo na Kyanga, wakipokezana sauti. Ukizipiga Iringa unazipiga nyumbani kwao, na wanaokutunza baadhi yao walizicheza wakiwa vijana. Safari ijayo panda basi la siku moja kabla. Mchukue na mjomba, wazee wanaongea na wazee. Ulizeni wimbo upi ni wa nani na familia yake iko wapi, nendeni mkabishe hodi, msikilizishe rekodi. Atakayekataa, wimbo wake uondoeni. Atakayekubali, andikianeni, na jina lake liwe kwenye jalada kwa herufi sawa na zenu.

Roki za Wazungu ningeziacha jukwaani, isipokuwa hiyo ya Kinyakyusa. Hiyo pigania ruhusa yake hata ikichukua mwaka, kwa sababu kuna vijana watakaousikia wimbo kwa lugha ya bibi zao mara ya kwanza ukiwa na gitaa la umeme.

Na ule wa baba yako na TAZARA. Nadhani watu wanakaa kwa sababu mnanyamaza, mnatuni magitaa, halafu mnatangaza kwamba sasa ni wa kwetu. Mwezi ujao usitangaze. Wimbo wa Tancut ukiwa umefika kileleni, ngoma isisimame, besi ibaki palepale, wewe geuza solo yako taratibu iingie kwenye utangulizi wa wimbo wako. Wakishtuka, watakuwa tayari wanaucheza. Rekodini tena usiku huo, mniletee.