Mtoto Aliyezaliwa na Moyo Wenye Kasoro

Somo la afya kwa vikundi vya kujisaidia

Somo la leo ni la watoto wachanga. Someni pamoja mkutanoni, na yule anayejua kusoma vizuri awasomee wenzake polepole.

Tuanze na habari ya mama mmoja wa upande wa Kitengela. Mtoto wake wa pili alizaliwa salama, mzito wa kutosha. Kufika wiki ya sita akawa ananyonya kidogo tu, anaacha, anahema. Jasho likamtoka kichwani hata asubuhi ya baridi. Mara tatu mama alimpeleka kliniki, na mara tatu akapewa dawa ya kifua. Koko wa mtoto akasema aitwe mtu wa kung'oa meno ya kitoto. Majirani nao wakanong'ona ati mama alivunja mwiko alipokuwa na mimba.

Safari ya nne, nesi alimvua mtoto nguo zote, akausikiliza moyo kwa muda mrefu. Akasema, "Mama, huu moyo una sauti isiyofaa. Nitakuandikia barua uende hospitali kubwa." Kumbe moyo ulikuwa na tundu. Mtoto akapasuliwa kabla ya kutimiza mwaka, na leo anakimbia na mbuzi kama wenzake. Lakini mama huyu hafurahi moja kwa moja. Anamkumbuka jirani yake aliyekuwa na mtoto wa dalili zile zile. Huyo alizikwa kabla hajajua kutembea, na hakuna aliyejua aliuawa na nini.

Kwa ajili ya yule wa pili ndiyo tunaandika somo hili.

UGONJWA HUU NI NINI?

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni kuchukua hewa. Upande wa kushoto unaisukuma damu hiyo kwenda mwilini. Katikati pana ukuta.

Kuna watoto wanaozaliwa ukuta huo ukiwa na tundu. Fikirini bomba la kisima chetu likiwa limepasuka njiani. Pampu inafanya kazi mchana kutwa, lakini maji mengi yanarudi kule kule yalikotoka. Ndivyo damu inavyorudi mapafuni tena na tena. Mapafu yanajaa, moyo unachoka, na mtoto hanenepi kwa sababu nguvu zake zote zinaishia katika kupumua.

Wengine njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba mno, na damu isiyo na hewa inapita kwenda mwilini. Hao ndio wanaogeuka rangi ya samawati midomoni.

Ulimwenguni, karibu mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa ana kasoro fulani ya moyo. Nyingine ni ndogo, na kuna matundu yanayojiziba yenyewe. Nyingine haziwezi kungoja. Ni daktari wa kuamua, si sisi kwa kukisia.

SI LAANA

Moyo wa mtoto huumbika katika wiki 8 za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Mara nyingi hata madaktari hawapati sababu. Basi tusimtafute wa kulaumiwa. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu kama yule mtu aliyezaliwa kipofu alipatwa kwa dhambi yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Na sisi tukatae. Mama anayeogopa maneno ya watu humficha mtoto nyumbani, na kule kufichwa ndiko kunakomwua.

Hata hivyo kuna mambo yanayoongeza hatari, na hayo tunaweza kuyapunguza:

1. Rubela ikimpata mama mwanzoni mwa mimba. Chanjo yake hutolewa pamoja na ya surua, na katika Kenya ilianza mwaka 2016. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Msichana anayechanjwa leo ni mama wa kesho.
2. Pombe wakati wa mimba, iwe ya chupa au ya kienyeji.
3. Ugonjwa wa sukari usiotibiwa.
4. Baadhi ya dawa, kama zile za kifafa. Usiziache mwenyewe. Zungumza na daktari kabla ya kushika mimba.

DALILI ZA KUANGALIA

Kwa mtoto mchanga:
- Anachoka akinyonya, anaacha mara kwa mara, anatoka jasho.
- Uzito hauongezeki. Angalieni ile mistari katika kijitabu cha kliniki.
- Kifua kinamrudia rudia.
- Anapumua haraka. Akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka mwaka, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi.
- Rangi ya samawati. Kwa ngozi yetu nyeusi haionekani upesi, kwa hiyo tazama ulimi, ufizi na kucha, mahali penye mwanga.

Kwa mtoto mkubwa: anachuchumaa kila akikimbia kidogo, anazimia, au hawezi kucheza na wenzake.

Mtoto mwenye dalili za Down apimwe moyo hata kama anaonekana mzima, maana karibu nusu yao huzaliwa na kasoro hii.

TUFANYE NINI?

Mtoto akigeuka samawati ghafla na kuhema, mtulize, mlaze, mkunjie magoti yafike kifuani, kisha kimbieni hospitali mara moja. Usingoje siku ya kliniki.

Usikubali ang'olewe meno ya kitoto. Tunajua ni desturi kwa wengi wetu hapa Kajiado, na wazee hufanya kwa nia njema. Lakini jeraha la ufizi hufungua mlango, vijidudu vinaingia katika damu, na moyo wenye kasoro ndiko hupenda kukaa. Mtoto huyu apigwe mswaki kila siku, na daktari wa meno aambiwe habari ya moyo wake.

Ukifika kliniki, usiseme tu "anakohoa." Sema, "Anachoka akinyonya, na hii ni mara ya tatu. Naomba moyo wake usikilizwe." Kutoka Ngong, Kitengela au Kajiado mjini unaweza kupewa barua ya kwenda kupigwa picha ya moyo. Picha hiyo haiumi. Upasuaji wa moyo hufanyika Kenyatta na Mater mjini Nairobi, na Tenwek kule Bomet. Matundu mengine huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa katika mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

GHARAMA

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Msikate. Mbio za Mater zilianzishwa mwaka 1993 kwa ajili hiyo hiyo, kuchangia watoto wa moyo wasio na uwezo. Hospitalini ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii kama kuna msaada.

Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Jiandikisheni, andikisheni na watoto, na mlipe kabla ya ugonjwa kubisha hodi.

Kikundi nacho kina nguvu yake. Wanachama 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, hiyo ni 1,000 kwa wiki, na 52,000 kwa mwaka. Haitoshi upasuaji, lakini inatosha nauli nyingi na picha ya kwanza. Mtoto wa jirani yule hakufika hata kwenye picha ya kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtoto anayechoka akinyonya au asiyenenepa? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Tunasema nini nyuma ya mama mwenye mtoto mgonjwa? Je, maneno hayo yanamsaidia?
3. Tukianzisha mfuko wa wagonjwa, nani atautunza, na pesa zitatolewa kwa utaratibu gani?

Mungu awabariki, na watoto wetu wapumue vyema.