Induksio: Kutoka Mambo Machache hadi Kanuni

Katika mantiki, deduksio hutoka kwenye kanuni ya jumla na kufikia jambo moja. Induksio hufuata njia ya kinyume: hutoka kwenye mambo yaliyochunguzwa na kufikia kanuni.

Tumtazame Gregor Mendel, mtawa Mwagustino wa Brno, katika Ucheki ya leo. Alipochanganya njegere za mbegu mviringo na za mbegu zenye mikunjo, katika kizazi cha pili alihesabu mbegu mviringo 5,474 na zenye mikunjo 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Alipima sifa nyingine sita, akapata uwiano wa namna hiyohiyo. Ndipo mwaka 1866 akachapisha matokeo yake.

Hata hivyo, mwanafalsafa David Hume alikwisha kuonya mwaka 1748 kwamba tuliyoyaona, hata yawe mengi kiasi gani, hayathibitishi kwa ulazima yale tusiyoyaona. Hivyo kanuni ya sayansi huwa imara kadiri ilivyopimwa, nayo hubaki tayari kusahihishwa.

Nasi tujipime. Mendel alihesabu maelfu. Sisi tukiona watu wawili wa kabila fulani wamekosea, mara tunasema, "Wale ndivyo walivyo." Hiyo nayo ni induksio, lakini mbovu, na anayeumia ni jirani yetu.