Jua Jiwe Lako Kabla ya Kuliuza: Kipimo cha Maji kwa Wachimbaji na Mafundi wa Vito

Kaunti ya Taita Taveta inajulikana ulimwenguni kwa vito vyake. Tsavoriti, ambayo ni ganeti ya rangi ya kijani, ilipatikana kwanza Tanzania mwaka wa 1967 na mwanajiolojia Campbell Bridges, kisha akaipata upande wetu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ya Marekani iliitangaza sokoni kwa jina linalotokana na Tsavo. Rubi, yaani yakuti nyekundu, nayo imechimbwa kwa miaka mingi katika eneo la Mangare.

Pamoja na utajiri huo, mchimbaji wengi wetu tunayemjua hufika kwa mnunuzi bila kujua ameshika nini. Mnunuzi ndiye humtajia jina la jiwe, na ndiye humtajia bei. Somo hili linaeleza kipimo rahisi ambacho mkazi anaweza kukifanya nyumbani kabla ya mazungumzo hayo kuanza.

Mahitaji

Tafuta mizani ndogo ya dijitali kama ile ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01, glasi ya maji safi na uzi mwembamba.

Hatua

1. Osha jiwe, likaushe, kisha lipime. Andika uzito huo.
2. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sufuri.
3. Funga jiwe kwa uzi na ulitumbukize lote majini. Lishikilie lisiguse chini wala kando ya glasi. Litikise kidogo ili viputo vya hewa vitoke.
4. Andika idadi inayoonekana kwenye mizani.
5. Gawanya uzito wa kwanza kwa idadi hiyo ya pili.

Tuchukue mfano wa jiwe la kijani lenye gramu 2.16. Likiwa majini, mizani ikisoma 0.60, jibu ni 3.6, na hiyo ndiyo idadi ya tsavoriti. Ikisoma 0.70, jibu ni karibu 3.1, na huenda ni turmalini ya kijani, ambayo pia hupatikana katika kaunti yetu. Ikisoma 0.86, jibu ni 2.5, idadi ya kioo cha kawaida cha chupa.

Tahadhari

Kipimo hiki hakifai kwa jiwe ambalo bado limeshikana na mwamba au lenye nyufa nyingi, kwa kuwa jibu litapotoka. Kwa jiwe dogo sana, kosa kidogo la mizani hubadilisha jibu, kwa hivyo rudia mara tatu. Kuna pia vioo vizito vinavyokaribia idadi ya vito. Kagua jiwe kwa lenzi. Ukiona viputo vya duara ndani yake, shuku kwamba ni kioo.

Kwa mawe mekundu, maji peke yake hayatoshi. Rubi hutoa takriban 4.0, na baadhi ya ganeti nyekundu hukaribia hapo. Ingia gizani na umulike jiwe kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Rubi ya Mangare huwaka nyekundu kama kaa la moto, lakini ganeti nyekundu haiwaki. Usijaribu jiwe kwa kulikwaruza au kuligonga, kwani utaharibu kile unachotaka kuuza.

Gramu na karati

Mawe ghafi kwa kawaida huuzwa kwa gramu, na yaliyokatwa kwa karati. Gramu moja ni karati 5. Kwa hivyo shilingi 1,000 kwa karati ni shilingi 5,000 kwa gramu. Anayechanganya vipimo hivi anaweza kupoteza sehemu nne kwa tano za mali yake. Kumbuka pia kwamba jiwe likikatwa na kung'arishwa, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake huondoka. Ndiyo maana bei ya karati ya jiwe lililokatwa huwa juu kuliko ya jiwe ghafi.

Kwa mafundi wa mapambo

Ganeti hupasuka inapopata joto au baridi ya ghafla. Unapotengeneza pete au hereni, maliza kazi yote ya kuchomelea kwanza, acha fedha ipoe, ndipo uliweke jiwe. Pete iliyoletwa kukarabatiwa itolewe jiwe kabla ya kuwashwa moto.

Kuuza kwa njia halali

Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, mchimbaji mdogo anahitaji kibali, na mfanyabiashara wa madini anahitaji leseni. Mwombe mnunuzi akuonyeshe leseni yake, na ubaki na risiti inayotaja aina ya jiwe, uzito na bei. Kwa jiwe unaloamini ni la thamani kubwa, lipeleke kwa mtaalamu wa vito mwenye vifaa kamili kabla ya kukubali bei. Kituo cha vito cha Voi kilijengwa kwa nia ya kuleta huduma za aina hiyo karibu na wakazi.

Weka daftari. Kwa kila jiwe andika tarehe, uzito, jibu la kipimo cha maji na bei uliyoambiwa. Utakapokutana na mnunuzi mwingine, utakuwa na cha kulinganisha.