Mkate Upi Unamfaa Mzazi Mwenye Kisukari?

SWALI: Msomaji wa Mazingara, mkoani Tanga, anamuuguza mzazi mwenye kisukari. Dukani anakuta mkate mweupe na wa brauni. Je, atazame rangi tu?

JIBU: Rangi haitoshi. Baadhi ya mikate ya brauni hutiwa rangi ya karameli, huku unga ukiwa ule ule uliokobolewa. Asome lebo: viambato huorodheshwa kwa uzito, hivyo unga wa ngano nzima, yaani atta, unapaswa kutangulia.

Ngano isiyokobolewa hubaki na pumba na kiini chake. Gramu 100 za mkate wake huwa na nyuzinyuzi gramu 6 hivi. Mweupe huwa na 2 hadi 3. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, hushibisha na kulainisha choo.

Mkate mweupe nao si sumu. Kanuni za Tanzania za 2011 zilivitaka viwanda viongeze madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kwenye unga wa ngano.

Kiasi ndicho cha kuangalia sana. Slesi mbili, yai au maharage, kipande cha papai na chai isiyo na sukari ni mlo uliokamilika. Atta ikikosekana, ugali mdogo wa dona kwa kunde au mbaazi na mchicha unafaa vilevile. Kipimo cha dawa kisibadilishwe bila ushauri wa daktari.