Barua ya Askari kutoka Ngome ya Wagner

Mtu akitaka kujua habari za vita, mara nyingi hutafuta vitabu vya majemadari. Humo huonyeshwa mipango ya majeshi na hesabu ya waliokufa. Walakini iko njia nyingine, nayo ni barua ya askari aliyekuwako. Katika somo hili twaitazama barua moja ya namna hiyo, iliyoandikwa tarehe 20 Julai, 1863, katika nchi ya Marekani.

1. Mwandishi wa barua

Mwandishi ni Lewis Douglass. Baba yake, Frederick Douglass, alizaliwa utumwani akakimbia, akawa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa. Wakati ule majimbo ya Kaskazini yalikuwa yakipigana na majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Tarehe 1 Januari, 1863, Rais Abraham Lincoln aliwatangazia uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi, tena akaruhusu watu weusi wapokewe jeshini. Ndipo kikosi cha 54 cha Massachusetts kilipoundwa, askari wake weusi, maofisa wake weupe. Lewis akawa sajini-meja. Watu wengi, hata wa Kaskazini, walinena ya kuwa mtu mweusi hataweza kusimama mbele ya mizinga.

2. Mambo ya vita

Jioni ya tarehe 18 Julai kikosi hicho kiliamriwa kutangulia kuishambulia ngome ya Wagner, katika kisiwa cha Morris, karibu na bandari ya Charleston. Kuta zake zilikuwa za mchanga, na mbele yake palikuwa na handaki. Njia ilikuwa nyembamba, huku bahari, huku kinamasi. Watu kama 600 wa kikosi walikwenda. 272 kati yao waliuawa, au kujeruhiwa, au kutekwa. Kanali Robert Gould Shaw aliuawa juu ya ukuta, akazikwa shimo moja na askari wake. Sajini William Carney, ingawa alijeruhiwa, alirudi na bendera. Ngome haikutwaliwa siku ile.

3. Maneno ya barua

Siku ya pili baada ya vita Lewis alimwandikia mchumba wake, Amelia Loguen, wa mji wa Syracuse. Amwambia kwamba amekuwa katika mapigano mawili, naye ni mzima. Aeleza jinsi kombora lilivyopasuka na kufagia watu katika nafasi ya futi 20, na jinsi wenzake walivyoiziba nafasi hiyo tena. Asema wazi ya kuwa iliwapasa kurudi nyuma. Kisha ataja majina ya waliojeruhiwa na waliopotea, hata mtu wa mji wa Amelia. Amwaga mchumba wake, asije akauawa, na kusema kwamba akifa, amekufa kwa jambo jema. Tena atamani wangekuwako askari weusi 100,000, ili vita vikome.

4. Mafundisho

Kwanza, barua hii haifichi kushindwa, na kwa hiyo twaisadiki inapousifu ushujaa. Pili, hayo majina si maneno ya kujaza karatasi. Kwa mama aliyengoja nyumbani, jina moja lilikuwa zito kuliko habari za ngome. Tatu, askari huona pale aliposimama tu, wala haoni mwisho. Kwa hiyo yafaa tuisome barua pamoja na habari nyingine.

Nazo habari hizo zasema hivi: Adui waliiacha ngome mwezi wa Septemba, 1863. Askari wa kikosi walipewa dola 10 kwa mwezi, na katika hizo 3 zikakatwa kwa mavazi, hali askari weupe walipewa 13. Wakakataa kupokea mshahara, hata Bunge likaweka sheria ya usawa mwaka wa 1864. Vita vilipokwisha mwaka wa 1865, watu weusi waliotumika jeshini walikuwa kama 180,000, wengi kuliko alivyotamani Lewis. Naye akamwoa Amelia mwaka wa 1869.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mwandishi alitaja majina ya wenzake?
2. Barua yatuonyesha nini kisichoonekana katika hesabu ya waliokufa?
3. Ni jambo gani ambalo Lewis hakuweza kulijua siku ile alipoandika?